Mnyanyua Komeo wa Teguo

Anayetaka kusikiliza na akae vizuri. Asiyetaka na asimame, mgongo ni wake.

Mimi naitwa Mwanajuma binti Ngwali, mkandaji, binti wa mkandaji, mjukuu wa mkandaji. Kwetu Wete mwanamke akijifungua, mzee akiteguka, mcheza mpira akivimba goti, jina langu ndilo linalotajwa kwanza. Na chuo nilikwenda, nikasoma misuli na mishipa ya fahamu mpaka nikapewa cheti, kwa hiyo asije mtu akaniambia nakanda kwa kubahatisha. Sijisifu, nasema ilivyo. Nayataja haya mapema ili ujue aliyefukuzwa katika nchi ya Teguo alikuwa mtu wa namna gani.

Nilivyofika huko si muhimu. Nilipotea, kama watu wanavyopotea, nikajikuta mbele ya ukuta mrefu wenye lango kubwa lililofungwa. Pembeni palikuwa na tundu, mbuzi wanaingia na kutoka. Mlinzi akachungulia, akaniuliza kama mifupa yangu yote imekaa. Kumbe ndiyo salamu yao. Mteguo hakuulizi hujambo. Anakuuliza mifupa imekaa, nawe unajibu imekaa, sijui ya kwako.

"Na lango vipi?" nikamwuliza.

"Lango halifunguki, bibi. Mnyanyua Komeo anaumwa mgongo. Pita hapo kwa mbuzi."

Nikapita kwa mbuzi, mimi mtu mzima na mkoba wangu wa mafuta. Hilo sikulisahau.

Wateguo wanaamini kuwa mifupa ya binadamu ni mitembezi. Wewe umelala, pingili ya mgongo inatoka kidogo kwenda kuangalia mambo, na asubuhi haikumbuki ilikotoka. Ndiyo maana kila mtu hulala amefungwa mkanda kiunoni. Watoto hawaruki kamba. Anayetaka kupiga chafya hushikwa kwanza na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilimwona bwana harusi akijiwa na chafya mbele ya wageni wake, wakwe wakamrukia wote kwa pamoja, na shughuli ikaendelea.

Anayeumwa hupelekwa kwa Mrudishaji, yaani fundi wa kuurudisha mfupa kwao. Mfupa ukirudi sharti ulie, ka! Mlio huo ndio ushahidi. Mlangoni hukaa Msikilizi, afisa wa serikali mwenye pembe ya ng'ombe sikioni, na akisikia huinua kitambaa cheupe, mgonjwa akahesabika mzima. Asiposikia, hata mgonjwa akiinuka akacheza ngoma ya msewe, kisheria bado anaumwa. Mkubwa wa Wasikilizi wote anaitwa Sikio Kuu, na ndiye mtawala wa nchi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini Teguo ndipo mahali pa kwanza nilipoona debe limepewa kiti.

Mgonjwa akirudishwa mara tatu bila mlio, hutangazwa Kioo. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipopelekwa Mtaa wa Vioo. Sakafu yote sufi, kuta zimewambwa magodoro. Nikamkuta kijana amejilaza analishwa uji kwa kijiko.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani, mwanangu?"

"Mpasua kuni."

"Na sasa?"

"Sasa mimi Kioo daraja la kwanza," akanijibu kwa fahari. "Hata mto nageuziwa."

Nikamshika paja. Lilikuwa limekwisha, laini kama mchicha uliochemka. Hakuna kilichomvunja yule kijana ila ile sufi, na hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Usidhani nchi ile haina wasomi. Wanao, tena wengi, wamegawanyika makundi mawili. Chama cha Mfupa wanasema maumivu ni mfupa uliotoka. Chama cha Fundo wanasema mfupa haujatoka popote, ni nyama iliyojifunga mafundo, na dawa ni kidole gumba kuyafungua. Nilihudhuria mjadala wao. Hoja ya siku ile ilikuwa kama fundo hufungwa kutoka kulia au kutoka kushoto. Walimleta mgonjwa awe mfano, wakamlaza kifudifudi katikati ya ukumbi. Alipoinua kichwa aseme panapouma, wasomi wa pande zote mbili walimwambia anyamaze, asivuruge elimu. Ni mara moja tu niliyowaona wakikubaliana.

Basi mimi nilifikia kwa yule Mnyanyua Komeo mwenyewe. Jina lake Kilua, mwanamke wa makamo, mabega mapana, maneno machache. Komeo la Teguo ni gogo la mninga, refu kuliko mtu, na tangu mji ule ujengwe hulinyanyua watu wa ukoo wake peke yao. Mama yake alilinyanyua akiwa na mimba yake. Kilua mwenyewe alilinyanyua kila asubuhi bila kuliwaza, mpaka siku moja akasikia kisu kiunoni, akaliachia likaanguka. Mfupa umetoka, wakamwambia. Tangu hapo alikuwa akitembea kama aliyebeba mayai, na usingizi ulimpa kisogo.

"Nimerudishwa mara mbili, shangazi," akaniambia. "Mfupa haukulia. Nimebakiwa na moja. Nisipolia, naingia kwenye sufi na komeo linapewa ukoo mwingine. Heri wanizike."

"Kwa nini hulii? Wenzako wanalia kutwa."

Akashusha sauti. "Nenda kwa Fundi Pazi ukaangalie. Usiangalie mgongo wa mgonjwa. Mwangalie yeye kwapani."

Nikaenda. Fundi Pazi alikuwa Mrudishaji mashuhuri kuliko wote, mzee mnene, mpole, mwenye kanzu ya mikono mipana. Alimlaza mama mmoja aliyeingia amepinda, akampapasa, akamwambia ashushe pumzi, akamsukuma kidogo tu, na papo hapo akabana mkono ubavuni. Ka! Kitambaa cheupe kikainuliwa. Mama akainuka wima, machozi ya furaha yanamtoka, akaondoka akinesa. Kwenye mkeka pakabaki kipande kidogo cha bua la mtama.

Lo! Nilisubiri watu wapungue, nikamfuata nacho mkononi.

"Fundi, hii nini?"

Hakuruka wala hakukana. Alikaa kitako, akajifuta jasho. "Bibi, mfupa ukilia wenyewe, vyema. Lakini mara nyingi haulii. Zamani nilikuwa mkweli, na wagonjwa wangu walikuwa wakienda kwenye sufi. Nikaanza kuvunja bua. Umemwona yule mama alivyoinuka? Uongo ule? Amejifanya?"

"Hakujifanya."

"Basi niambie, mwongo ni mimi au ni mgongo?"

Nilikuwa na jibu kali ulimini, nikalimeza. Kwa sababu mama yule kweli alipona, kwa macho yangu, kwa kijiti cha mtama. Nilirudi kwa Kilua nimenuna, maana mkandaji mwenye cheti hapendi kuona kazi yake inafanywa na bua.

"Umeliona," Kilua akasema kabla sijavua viatu.

"Nimeliona. Na wewe uliliona lini?"

"Mara ya kwanza. Lilimdondoka mapema. Tangu hapo akivunja nasikia bua, sisikii mgongo wangu. Mara ya pili nikamwambia asihangaike. Kusema mbele za watu siwezi. Nikisema, wote waliopona wataanza kuumwa tena."

Mwanamke wa kuogopwa yule. Anateketea peke yake ili wenzake wabaki na afya ya bua!

Nikamwambia alale. Nikapasha mafuta ya nyonyo, nikamkanda kiuno kwa mwendo nilioupokea kwa bibi yangu, taratibu kwanza, kisha kwa uzito, mpaka nikasikia pumzi yake imeshuka. Nikamwambia ainuke ajaribu kuinama. Akainama mpaka magotini. Hakuwa amefika hapo tangu siku alipoliachia komeo.

"Umerudisha pingili ipi?" akauliza.

"Hakuna. Na hakuna iliyotoka. Pingili za mgongo zimekazwa kwa kano ngumu kuliko kamba ya mtumba. Haitoki kwa chafya wala kwa komeo. Ulijitonesha siku ile, ndiyo, na jeraha lilishapona zamani. Kilichobaki ni mlinzi mwenye woga."

"Mlinzi gani?"

"Wewe ni mtu wa lango, utanielewa. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali habari hupitia kwenda kwenye ubongo. Habari ya maumivu hupita hapo, na habari ya kuguswa hupita hapo hapo, tena hiyo ina mbio zaidi. Mimi nikikukanda, wa kuguswa wanajaa langoni na wa maumivu wanachelewa. Na bawabu wa pale ana amri kutoka juu. Ubongo ukiogopa humwambia, fungua wote wapite. Ukitulia humwambia, punguza. Si kwamba tumeyajua yote. Waliosoma kuliko mimi bado wanabishana juu ya mengi. Lakini hili la mfupa kutembea halina wa kulitetea."

Akafikiri. "Kwa hiyo bua lilikuwa likituma amri kutoka juu."

"Ehee! Mtu akisikia ka! anaamini kumekwisha, woga unashuka, nyama inalegea. Kupona ni kwa kweli. Uongo ni ule mlio."

"Na nikishaliona bua?"

"Ukishaliona, lazima mtu akwambie ukweli. Ndiyo nakwambia."

Halafu akanichokoza. "Hapo ulipobonyeza, ni lazima pawe hapo?"

"Ni hapo hapo, mwanangu. Bibi yangu alinionyesha, na yeye alionyeshwa."

"Bonyeza pembeni."

"Pembeni hakuna kitu."

"Jaribu tu, shangazi."

Nikajaribu ili nimkate kauli. Nikakanda pembeni, mahali ambapo bibi angenipiga kofi kwa kupagusa. Kilua akainuka, akainama, akafika magotini vilevile, na chini kidogo. Wee! Chuoni walikuwa wametufundisha kwamba mara nyingi mkono ukiwekwa mahali maalumu au jirani yake, matokeo yanakaribiana. Nililisikia somo lile vizuri sana, nikadhani linahusu mikono ya watu wengine.

"Umekasirika," Kilua akasema.

"Nimekasirika, ndiyo. Inama tena."

Maana ndani ya ile hasira kulikuwa na kitu kinanipanda kifuani, na nitakisema wazi: fahari. Kumbe si kidole changu kilichokuwa na ujuzi wote ule. Ni mwili wa yule mwanamke. Ulikuwa na lango, na bawabu, na amri, na dawa zake wenyewe ndani, ukingoja mtu aje apige hodi kwa adabu. Nimezaliwa katika kazi ya kupiga hodi kwenye nyumba kama hiyo, tangu bibi mpaka mimi. Nani ana kazi kubwa kuliko hiyo?

Nikamwambia ukweli wa mwisho, ule mchungu. "Mkono wangu haukai. Ni saa chache, ukibahatika ni siku. Maumivu yakipungua langoni, hapo upite wewe mwenyewe."

Akapita. Kila nikimkanda, anafanya kazi papo hapo. Alianza na ufagio, akaja kwenye ndoo ya nusu, ndoo nzima, mchi wa kinu, jiwe la kusagia. Siku nyingine alirudi nyuma, akalia, akanitukana, nikamtukana. Siku nyingine nilichoka mimi. Mpaka asubuhi moja nikamkuta uani amebeba gogo la kuni begani, anazunguka nalo, anaimba. Kiuno kinamwuma, akaniambia, lakini si kisu tena, ni jirani mwenye kelele tu.

Jirani wa kweli naye alichungulia ukutani, akaenda kusema. Nikakamatwa. Kosa langu: uponyaji wa kimya.

Baraza lilijaa. Sikio Kuu alikaa juu ya kiti cha mawe, mwembamba, pembe yake ya fedha. Chama cha Mfupa walikuwa kulia, Chama cha Fundo kushoto, na Fundi Pazi kwenye benchi la mashahidi akitazama miguu yake.

"Mwanamke," Sikio Kuu akasema, "umemrudishia Kilua mfupa gani?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Umemfungulia fundo gani?" wakapaza sauti wa kushoto.

"Hakuna."

"Basi hujafanya kitu!"

"Nimemgusa, nikamwambia ukweli, na yeye akafanya kazi. Mnaita hakuna kitu?"

Ukumbi ukacheka. Sikio Kuu akawaka. Akapiga mkono kwenye kiti, na kiwiko chake kikagonga jiwe, ule mgongo wa kiwiko unaotuma moto mpaka kidole cha mwisho. "Aaa!" akasema mheshimiwa, akakishika kiwiko, akaanza kukisugua kwa nguvu, amefumba macho, anapuliza.

Nikamngoja. Nilimngoja kwa adabu mpaka uso wake ukakunjuka.

"Kimetulia, mheshimiwa?"

"Kidogo," akasema bila kufikiri.

"Hongera. Umerudisha mfupa gani?"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ila mabega yalikuwa yakitikisika kulia na kushoto. Mzee mmoja wa Chama cha Fundo alijifunika uso kwa kilemba. Sikio Kuu aliuficha mkono wake ndani ya joho, akatoa hukumu palepale. Mimi nifukuzwe nchini asubuhi. Kilua, kwa kuwa amekubali kuguswa kimya, hiyo ihesabiwe mara yake ya tatu bila mlio. Atangazwe Kioo asubuhi hiyo hiyo, na sufi yake iandaliwe.

Fundi Pazi akainua kichwa. "Mheshimiwa, mwanamke yule anabeba kuni. Nimemwona."

"Amelia?"

Fundi akarudi kutazama miguu yake.

"Basi hajabeba," akasema Sikio Kuu.

Jioni ile Kilua hakutoa chozi. Aliniuliza tu, "Mafuta ya nyonyo yamebaki?"

"Chupa moja. Lala nikukande."

"Sitaki kukandwa. Nipe chupa."

Nilimpa. Nilidhani amekata tamaa, anataka kumbukumbu, nikageukia ukuta ili asinione.

Asubuhi mji mzima ulikuwa langoni. Sheria ya Teguo inataka afukuzwaye atoke kwa lango kuu, mchana kweupe, kwa heshima ya nchi. Mimi nikaelekea kwenye tundu la mbuzi kwa makusudi, wakanizuia.

"Si hapo! Ni kwa lango."

"Haya. Fungueni."

Wakatazamana. Karani wa baraza akakumbusha kwa sauti ndogo kwamba komeo hunyanyuliwa na Mnyanyua Komeo peke yake.

"Huyo ni Kioo," akasema Sikio Kuu. "Aapishwe mwingine."

"Mwingine haapishwi, mheshimiwa, mpaka Kilua atangazwe Kioo."

"Basi mtangazeni!"

"Tangazo la Kioo halisomwi mbele ya mgeni, mheshimiwa. Ni sheria yako. Mgeni sharti atoke kwanza."

Sijawahi kuona mtu akishindwa na maneno yake mwenyewe kwa ukimya namna ile. Akatazama lango, akanitazama mimi, akatazama tundu la mbuzi. Ndipo umati ukapasuka, akapita Kilua, amejifunga kibwebwe.

"Mimi bado ni Mnyanyua Komeo," akasema. "Nipisheni."

Kuni ni kuni, lakini lile lilikuwa gogo lenyewe, lililompa kile kisu, na watu wote wakimtazama wakingoja avunjike. Najua woga unavyofungua lango la ndani. Angesikia kisu tena pale, mbele yao, sufi ingemmeza mpaka kufa.

Akasimama chini ya komeo. Akaweka bega. Nikamwona Fundi Pazi amesogea karibu, uso umejaa huruma, mkono umebana ubavuni. Nilijua alicho nacho kwapani. Ka! moja tu, Sikio Kuu angesikia mlio, na Kilua angekuwa mzima kisheria, komeo likabaki kwao milele. Fundi alitaka kumwokoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani avunje.

Kilua akageuza kichwa, akamtazama.

"Fundi," akasema, na umati wote ukasikia, "usivunje."

Mkono wa Fundi ukalegea. Bua zima likaanguka chini, likabingirika mpaka miguuni kwa Msikilizi. Msikilizi akalitazama. Mama yule aliyepona siku ile naye akalitazama, akajishika kiuno, akajinyoosha polepole, akaona bado kinanyooka.

Kilua akavuta pumzi, akanyanyua.

Sikio Kuu alikuwa amekaza pembe sikioni. Wasikilizi wote walikuwa wamekaza pembe. Komeo likapanda kutoka kwenye vikamatio vyake, likapita kichwani, likatua mabegani kwa Kilua, na hakikusikika kitu. Si mfupa, si mti, si chuma. Vikamatio vilikuwa vinang'aa. Ndipo nikajua chupa yangu ya nyonyo ilikokwenda: asimwachie mtu nafasi ya kusema amesikia chochote. Bawaba nazo alikuwa amezipaka, na lango likafunguka kama pazia.

"Weka chini!" Sikio Kuu akapiga kelele. "Weka chini, utavunjika!"

"Nikiweka, nafunga," akasema Kilua kutoka chini ya gogo, jasho linamtiririka, miguu imesimama kama nguzo za msikiti. "Na mgeni bado yuko ndani. Mnataka atoke au hamtaki?"

Nyuma kabisa, kwa upande wa Mtaa wa Vioo, yule mpasua kuni alikuwa ameshuka kwenye machela yake, amemshika mlinzi bega, anachungulia amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda. Nilipofika karibu na Kilua nikamnong'oneza, "Kinauma?"

"Kinapiga kelele," akasema. "Na kipige. Pita, shangazi."

Kupita ningeweza kupita mara moja. Lakini nilifika katikati ya lango nikasimama, nikaweka mkoba chini, nikafungua kanga yangu, nikaikung'uta, nikaipima huku na huku, nikaifunga upya, taratibu, pindo kwa pindo, na watu wote wa Teguo wakakaa wanamtazama Kilua akiwa na lile gogo mabegani mpaka nilipomaliza.